Nyumba ya Upanga ya miaka ya 1960: namna ya kuikarabati bila kuiziba pumzi

Ukirithi au ukinunua nyumba ya Upanga, Dar es Salaam, iliyojengwa kati ya 1950 na 1970, mtu wa kwanza kugonga geti atakuwa fundi alminiamu. Atatoa futi yake, atapima madirisha yote, na kabla chai haijapoa atakuwa na bei mkononi: ng'oa luva (yale madirisha ya vipande vya vioo vinavyoinama), ziba yale matofali ya matundu ya kwenye ngazi, weka vioo vya kuteleza, shusha dari ya jipsamu, funga kiyoyozi kila chumba. Mkaribishe, mpe maji ya kunywa, chukua namba yake. Kazi yake ipo, ila wiki ya kwanza si yake.

Mimi nasimamia ukarabati wa nyumba za aina hii hapa Dar, Upanga zaidi, mara mojamoja Oysterbay. Mafundi wananiita Dada Injinia ingawa cheti changu ni cha ufundi sanifu, na nimeacha kuwasahihisha. Mifano mingi hapa chini naitoa kwenye nyumba moja ya ghorofa isiyo mbali na Barabara ya Umoja wa Mataifa. Anakaa mama mtu mzima. Watoto wake wako Kanada, wanatuma hela, na pamoja na hela wanatuma maoni. Kijana wake mkubwa alinipigia: "Dada, weka glasi kubwa tu, tufunge AC nyumba nzima, mama apate baridi." Mama alikuwa pembeni anasikia. Akachukua simu: "Mwanangu, mimi nikitaka baridi nitakuja huko kwako."

Mama ana haki. Nyumba hizi zilichorwa na watu waliojua hali ya hewa ya pwani, wakati kiyoyozi kilikuwa kitu cha ofisi chache na hoteli. Mbunifu majengo Anthony Almeida na wenzake waliofanya kazi Dar miaka ile walianza na jua na upepo, sura ya nyumba ikafuata. Ukuta wa matundu, kibaraza kirefu, zege linalochomoza juu ya dirisha, chumba chenye madirisha pande mbili: kila kimoja kina kazi. Ukikiondoa, kazi ile itabidi uilipie kwa umeme kila mwezi.

Kabla ya nyundo, washa udi

Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini mwetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba. Mwezi wa sita linakaa upande wa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili upande wa kusini, na mara zote liko juu sana, kiasi kwamba kivuli kifupi cha zege juu ya dirisha kinatosha kulikinga. Asubuhi na jioni ni habari nyingine, maana jua la mashariki na la magharibi linaingia chini chini na hakuna kivuli cha juu kinacholizuia. Ndiyo maana nyumba nzuri ya enzi ile imelala mashariki hadi magharibi, madirisha yake yakitazama kaskazini na kusini, na kuta za ncha mbili zina matundu au hazina dirisha kabisa. Tazama yako imelalaje. Kama chumba cha kulala kiko magharibi, hapo ndipo fedha ya kivuli iende: mti, pazia la nje la mwanzi, au mapezi ya wima, yaani vibao vilivyosimamishwa mbele ya dirisha.

Upepo nao una majira. Kaskazi inavuma takribani Desemba hadi Machi, kusi inashika kuanzia Aprili au Mei. Chukua udi au ubani, uwashe, fungua luva zote, zunguka chumba kwa chumba saa nane mchana na tena usiku, utazame moshi unaelekea wapi. Kwenye nyumba ya Mama moshi wa sebuleni ulikwenda moja kwa moja kwenye ngazi, ukapanda, ukatokea kwenye matofali ya matundu ya juu. Hewa ya moto inapanda yenyewe, na ile ngazi ndiyo njia yake ya kutokea. Fundi alminiamu alikuwa ameshaipimia kioo.

Usitegemee ramani ya zamani peke yake. Upanga imejaa maghorofa marefu sasa, na jengo la jirani linaweza kuwa limeua upepo wa upande mmoja au kuukaza upande mwingine. Linaweza pia kuwa limeleta macho ya watu kwenye kibaraza chako. Dawa ya macho ni mimea na kiambaza cha matundu. Ukijenga ukuta mzima unapoteza upepo.

Karatasi

Sheria ya utwaaji wa majengo ya 1971 ilichukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 shughuli zake zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo nyumba mbili zinazofanana, ukuta kwa ukuta, zinaweza kuwa na historia tofauti kabisa za umiliki. Kama wewe ni mpangaji wa shirika, pata ruhusa ya maandishi kabla hujagusa hata swichi. Kama ni mmiliki, kazi yoyote inayogusa nguzo, slabu, paa au sura ya nje inahitaji kibali cha ujenzi kutoka halmashauri ya jiji, na michoro ipitie kwa mbunifu na mhandisi waliosajiliwa. Historia hiyo inaeleza pia jambo utakaloliona mwenyewe: miaka mingi watu wamepaka rangi ndani ya nyumba ambazo paa lake halikuwa na mwenyewe.

Paa

Hapa usibane fedha. Paa nyingi za enzi hizi ni slabu ya zege iliyolala, au inayoinama kidogo sana, na juu yake kuna lami iliyopakwa na kurudiwa kila vuli mpaka imekuwa mkate. Usiongeze tabaka jingine. Bandua yote mpaka uone zege, fagia, mwaga maji uone yanasimama wapi. Mteremko uwe walau sentimita moja na robo kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la kutolea maji. Pasipofika, sahihisha kwa saruji kwanza. Ndipo uweke utando wa kuzuia maji, na utando upande ukutani kwenye kingo zote walau sentimita 15. Sehemu kubwa ya uvujaji ninayoikuta iko kwenye ile kona ya slabu na ukuta, au pale bomba linapotoboa.

Kabla ya kumlipa fundi, ziba matundu ya maji, jaza maji kina cha sentimita tatu hivi, acha siku nzima na usiku wake, kisha tembea chini ukiwa na tochi. Atalalamika. Mwache alalamike. Uhakikishe tu mhandisi ameliona zege kwanza, maana maji hayo nayo yana uzito.

Juu ya utando paka rangi nyeupe inayorudisha jua. Ukitaka zaidi, weka paneli za sola kwa kunyanyua kidogo: zinatoa umeme na zinalitia paa kivuli. Hapa kwetu zielekee kaskazini kwa mwinamo mdogo tu, wa kutosha mvua kuosha vumbi. Kuhusu watu wanaopandisha paa la bati juu ya slabu, sina ugomvi nao ilmradi pande zote zibaki wazi hewa ipite, na bati lirudi nyuma lisionekane kutoka barabarani.

Halafu matenki. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tenki la lita 5,000 ni tani tano zimekaa juu ya zege la miaka sitini ambalo hakuna aliyelipigia hesabu hiyo. Weka tenki kubwa chini, pampu, na juu uache dogo tu, likae juu ya makutano ya kuta, kamwe lisikae katikati ya slabu.

Kazi ya paa ifanyike Juni hadi Septemba. Anayekuanzishia paa mwezi wa tatu, masika ikiwa mlangoni, anakutafutia balaa.

Zege linaloumwa

Upanga iko karibu na bahari, na chumvi ya hewa inaingia kwenye zege polepole mpaka inaifikia nondo. Nondo ikishika kutu inavimba, maana kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, na zege linapasuka kutoka ndani. Utaona ufa ulionyooka ukifuata nondo, doa la rangi ya chai, kisha kipande kinadondoka. Sehemu za kuangalia kwanza ni chini ya vibaraza, kingo za vile vivuli vya madirisha, na chini ya matenki.

Chukua nyundo ndogo, gonga kila futi moja, sikiliza. Zege zima linalia kwa ukali. Lililoachana linalia bwaa. Chora duara kwa chaki kila linapolia vibaya, ujue ukubwa wa kazi kabla hujaomba bei. Mhandisi anaweza pia kupuliza fenolifthalini, dawa ya kupimia inayobadilika rangi, kwenye zege lililobanduliwa muda huohuo: likigeuka waridi, bado lina nguvu ya kuilinda nondo, lisipobadilika rangi, ulinzi huo umekwisha. Lakini kipimo hicho hakioni chumvi, kwa hiyo waridi pwani si cheti cha afya.

Matibabu ni haya: tegemeza kwanza palipo na mzigo, chimbua mpaka nyuma ya nondo, walau sentimita mbili, sugua chuma mpaka king'ae, ongeza nondo mpya pale ya zamani imekonda, paka kinga, jaza kwa mota maalumu ya kukarabati zege. Plasta ya mchanga na saruji juu ya nondo yenye kutu ni vipodozi. Utaipaka, utaipiga rangi, na itakuangukia.

Zungumzo moja fupi kuhusu asbesto, kwa sababu mabanda ya uani na gereji za miaka ile mara nyingi yameezekwa nayo: mabati ya kijivu, mazito, yanayofanana na saruji, ukingo uliovunjika unaonyesha nyuzi. Likiwa zima, liache; usilikate, usilitoboe, usilisugue kwa brashi. Likibidi kuondoka, uliza NEMC (baraza la mazingira la taifa) na halmashauri linatupwa wapi, liloweshwe, lifunguliwe skrubu kwa skrubu bila kuvunjwa, lifungwe kwenye nailoni nzito, na wafanyakazi wavae barakoa za vumbi laini, si kitambaa. Ugonjwa wa vumbi lile unachukua miaka 20 na zaidi kujitokeza. Yule saidia fundi wa miaka 19 anayekwambia "haina noma, Dada" hatakuwa kwako siku hiyo.

Umeme na maji

Vitu hivi viwili ndivyo nyumba ya 1960 haikuvijua kwa kiwango chetu. Ilikuwa na taa, feni, redio, labda friji. Leo kuna mashine ya kufulia, pampu, oveni, viyoyozi viwili, na kila mtu ana chaja tatu.

Waya za zamani za Upanga nyingi zimevikwa mpira ambao sasa unapukutika ukiugusa, na ethi (waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini) ama haipo ama iliungwa kwenye bomba la maji la chuma ambalo siku hizi limekatwa na kuungwa plastiki. Usiunganishe kipya kwenye cha kale. Vuta upya nyumba nzima: 1.5 mm² kwa taa, 2.5 mm² kwa soketi, kiyoyozi na jiko kila kimoja na laini yake nene peke yake, nondo mpya ya ethi, na breka ya kukata umeme unaovuja ya miliampia 30. Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na umwombe aionyeshe. Tumia mabomba ya zamani ya ukutani kama yanapitika. Yasipopitika, bora bomba la chuma lipite wazi, limenyooka, limepakwa rangi ya ukuta, kuliko kuchanja kuta zote. Wakati huohuo pitisha mabomba mawili matupu kwa ajili ya intaneti, moja kila ghorofa. Kuta hizi ni nene na Wi-Fi haizipendi.

Mabomba ya maji ya chuma yamejaa kutu ndani mpaka tundu limebaki la kupitisha penseli. Badilisha yote kwa PPR, yaani mabomba ya plastiki, na uyapitishe mahali utakapoyafikia tena.

Jiko na bafu

Watoto wote wa siku hizi wanataka jiko liungane na sebule. Sawa, lakini ukuta ule unaweza kuwa umebeba slabu. Baadhi ya nyumba hizi zimesimama kwa nguzo na bimu, nyingine zimekaa juu ya matofali yenyewe, na kwa macho hutajua. Mhandisi aseme. Kwa Mama tulifungua upana wa mita moja na nusu tu, tukaweka lenta, na sebule ikaona jiko bila kula moshi wake wote. Jiko la uani tulilibakiza na bomba lake na kivuli chake. Nimeona majiko ya kisasa mengi mazuri Upanga, na nyuma ya kila moja kuna mtu anakaanga samaki nje.

Mtungi wa gesi ukae nje kwenye kibanda chenye matundu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni, kwa hiyo jikoni pawe na tundu la hewa chini karibu na sakafu. La juu peke yake halikusaidii.

Bafu la chini ni la lazima kama kuna mzee. Stoo iliyo karibu na bomba la maji taka ndiyo mahali pake: mlango wa sentimita 90, sakafu isiyo na kizingiti, kishikio ukutani.

Madirisha, mbu na baridi

Sasa mpigie yule fundi alminiamu. Kazi ya kwanza ni kubadilisha vishikio vya luva vilivyokula kutu, aweke vya alminiamu, na vioo vikatwe kwa duka la vioo, kingo zisagwe. Vioo vyeupe vikisumbua kwa jua, luva za mninga kwa upande wa magharibi ni nzuri na zinadumu. Agiza vioo kumi na mbili vya akiba, vipange stoo.

Nyavu za mbu zinapunguza upepo. Badala ya kubandika wavu kwenye kila dirisha, fikiria kuuweka kwenye mstari wa nje wa kibaraza: eneo ni kubwa, upepo unapita, na mnapata sebule ya pili jioni. Grili nazo, walau moja kila chumba cha kulala ifunguke kutoka ndani, na ufunguo uning'inie mahali mtoto anapafahamu. Nyumba nyingi hapa mjini ni jela siku ya moto.

Kiyoyozi kiwe chumbani, usiku. Chagua vyumba viwili, waache wengine na feni za dari. Katika vyumba hivyo weka dirisha la pili la kioo upande wa ndani wa luva: mchana unalifungua chumba kinapumua kama zamani, usiku unalifunga baridi haitoki. Chumba cha mita 12 za mraba kilichozibwa vizuri kinatosheka na mashine ya BTU 9,000. Mashine ya nje isikae mbele ya matofali ya matundu, kwa sababu itapuliza joto lake ndani ya ngazi. Na jipsamu usishushe. Ule urefu wa dari ndio unaoweka joto juu ya vichwa vyenu.

Sakafu, halafu malipo

Mtu akikuambia uweke marumaru juu ya terazo, badilisha mazungumzo. Terazo ya miaka ile inasagwa na kung'arishwa kwa mashine za kukodi, kuanzia jiwe kali hadi laini, nyufa zikijazwa saruji nyeupe na chenga za marumaru za rangi ileile. Baada ya hapo sabuni laini tu. Ndimu, siki na dawa za choo zinaila. Milango ya mninga na mvule ibandue rangi ya mafuta, lakini kwa kulowesha, kwani rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake si la kuvuta, hasa penye watoto. Kuta za ndani paka rangi ya maji nyeupe, imetosha. Reli za ngazi ni fupi na nafasi zake zinapitisha kichwa cha mtoto: ongeza fito za wima kwa ndani, zisizidi sentimita 10 kati yake, ya zamani ibaki ionekane.

Mafundi walipwe kwa hatua, kila hatua iandikwe kwenye daftari na isainiwe na wote wawili. Usitoe hela ya vifaa vyote kwa mkupuo, na vifaa vya umeme vinunue wewe mwenyewe Kariakoo ukiwa na fundi wako, risiti mkononi. Weka kando fungu la dharura, robo ya bajeti ikiwezekana, kwa sababu zege halisemi lote kabla ya kuchimbuliwa. Kwa fundi wa paa, mwambie tangu siku ya kwanza kwamba sehemu ya kumi ya malipo yake inabaki kwako mpaka vuli inyeshe.